Usiniambie Bustani Inaelekea Jua

Miaka michache iliyopita niliandika shairi kuhusu kivuli. Halikuwa shairi baya. Lilihusu mnara wa jiwe ambao Augustus aliutoa Misri akausimamisha Roma, na jinsi kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa, tarehe 23 Septemba, ncha ya kivuli cha mnara ule ilitambaa uwanjani hadi ikaingia mlangoni mwa Madhabahu ya Amani, Ara Pacis. Kaisari aliyelifanya jua lije kumpongeza. Nilipolisoma kwenye kikao cha wasomaji hapa Nairobi watu walishangilia. Kisha dada mmoja aliyeketi nyuma, mwanafunzi wa uhandisi, akauliza swali moja tu: "Hicho kivuli kilifika kweli? Ulipiga hesabu?"

Sikuwa nimepiga hesabu. Nilikuwa nimesoma mahali, nikapenda, nikaandika. Na halikuwa shairi moja. Lilikuwa la kwanza kati ya kumi na mawili, mswada mzima: mnara ule kwanza, halafu bustani za kale za Italia, kila shairi na bustani yake, kila bustani na siku moja ya mwaka ambapo jua linapita kwenye mstari wake wa kati kama uzi kwenye tundu la sindano. Ukitafuta habari za bustani hizi utaelewa nilivyonaswa. Hukosi mtu wa kukuambia kwamba njia hii ya miti inatazama machweo ya Juni, chemchemi ile inapokea mwanga wa kwanza wa Desemba, na kwamba kadinali fulani alificha kalenda nzima uani kwake. Maandishi haya yana utamu wake. Yanakuambia kuna siri, na papo hapo yanakuambia wewe umeshaijua.

Swali la yule dada lilinikera wiki nzima. Halafu nikaanza kukifuata kile kivuli.

Kwanza, mwenye hadithi si Mroma. Ni mwanaakiolojia Mjerumani, Edmund Buchner, aliyeichapisha mwaka 1976. Kwenye karatasi alichora saa ya jua kubwa kama uwanja, mnara ukiwa ndio mshale wake. Baadaye akaenda kuchimba, na chini ya nyumba za mtaa wa Campo Marzio akakuta kweli mstari wa shaba uliopachikwa kwenye sakafu ya mawe, na maandishi ya Kigiriki pembeni. Nani angebisha? Lakini mwaka 1990 Michael Schütz, mwanafizikia, alirudia hesabu zote akazikataa. Kilichopatikana ni mstari mmoja wa kupima urefu wa kivuli cha adhuhuri siku baada ya siku. Saa nzima ya jua ilikuwa bado kwenye karatasi ya Buchner. Na hata bila Schütz, fizikia yenyewe ni ngumu. Jua si nukta, ni duara lenye upana wa nusu digrii, kwa hiyo kivuli kikirefuka kingo zake zinayeyuka. Mnara ule una urefu wa takriban mita 22. Kufika jioni, kivuli kikinyooka kuelekea madhabahuni, hakuna ncha tena. Kuna ukungu tu.

Baadaye Bernard Frischer na wenzake waliujenga upya uwanja ule ndani ya kompyuta, na wao wakaja na jibu jingine. Kwamba kivuli tusahau, la maana ni jua lenyewe kuonekana limekaa juu ya kichwa cha mnara kwa mtu aliyesimama mbele ya madhabahu, na siku yenyewe ni 9 Oktoba, sikukuu ya hekalu la Apollo. Huenda ni kweli. Lakini ona kilichotokea. Tarehe 23 Septemba ilikufa, na kabla haijazikwa tarehe nyingine ikachukua kiti chake. Kiu ya kutaka mstari uelekee siku fulani ilikuwa bado ipo.

Aliyeniuma zaidi ni Pliny, mwandishi wa Kiroma aliyeuona mnara ule kwa macho yake katika karne ya kwanza. Anauelezea vizuri, mstari wa shaba na yote, halafu anasema bila haya kwamba umekuwa ukitoa majibu ya uongo kwa karibu miaka 30. Anatafuta sababu. Labda jua limebadili njia. Labda dunia imesogea kidogo. Labda ni tetemeko, au mafuriko ya mto Tiber yameuzamisha msingi. Hebu fikiria, mnara unaosemekana kumtii Kaisari hadi siku ya bathdei, na baada ya muda hauwezi hata kukuambia adhuhuri sawasawa. Shairi langu halikuwa na Pliny. Lingekuwa bora zaidi lingekuwa naye.

Na hiyo adhuhuri, kwa njia, Waroma waliiita saa ya sita. Walianza kuhesabu jua linapochomoza, kama sisi, kwa hiyo jua la utosi kwao lilikuwa saa sita. Tofauti ni kwamba waligawa mchana wowote ule mafungu kumi na mawili, uwe mrefu au mfupi. Sisi wa Nairobi hatuwezi kuihisi tofauti hiyo mwilini, kwa sababu mchana wetu ni ule ule mwaka mzima. Roma mchana wa Juni unapita saa 15 na wa Desemba ni saa 9 na dakika chache, kwa hiyo "saa moja" ya Mroma ilikuwa dakika 76 hivi Juni, ikanywea hadi 46 Desemba. Mtu anayeishi na jua linalonyooka na kusinyaa namna hiyo ana sababu nzuri ya kulitazama. Sikatai hilo hata kidogo.

Ninachokataa ni urahisi. Sijawahi kufika Italia. Bustani zile nimezitembea kwa picha za setilaiti, nikiwa kwenye matatu ya Jogoo Road, simu ikiwa na programu ya kuonyesha jua linachomoza na kutua upande gani tarehe yoyote. Ndivyo nilivyoandika mashairi yangu, kusema ukweli, na ndivyo yanavyoandikwa mengi ya maandishi yale. Sasa nikageuza ile kazi. Kwa upana wa dunia pale Tivoli, karibu na Roma, jua linazunguka kwenye upeo digrii 65 hivi kati ya Juni na Desemba. Nairobi ni 47 tu. Maana yake, ukichora mstari wowote ule Tivoli, umefunga macho, una nafasi zaidi ya theluthi moja kwamba ncha yake itagonga machweo ya siku fulani. Ukijibana kwenye siku kubwa peke yake, zile mbili ambazo jua linafika mwisho wa safari yake kaskazini na kusini, na zile ambazo usiku na mchana vinalingana, na ukijiruhusu kukosea digrii tatu huku na huku, bado bustani moja kati ya kumi itafaulu bila mtu yeyote kukusudia. Na nani hujibana? Kuna siku ya kuzaliwa ya kadinali, siku ya mtakatifu wake, siku ya kuzaliwa kwa mji. Na kila bustani ina njia kuu, njia za kukata, kingo, ngazi. Utakosaje?

Nikajaribu kutunga moja ya uongo. Villa Lante, Bagnaia, karibu na Viterbo. Mwenyewe alikuwa Kadinali Gianfrancesco Gambara, na kwa kuwa jina lake linafanana na gambero, yaani kamba wa maji baridi, alimtapakaza mnyama huyo bustani nzima. Hadi mfereji wa maji unaoshuka ngazi umechongwa kama kamba aliyenyoosha mwili. Sawa. Katika nyota za kale, jua likifika kileleni mwezi Juni linaingia kwenye Saratani, nyota ya kaa. Kamba, kaa, jua la Juni, maji yanayoshuka kama jua linavyoanza kushuka... Dakika kumi tu, na nilikuwa na nadharia ambayo ningeweza kuiuza kesho. Ina kila kitu isipokuwa sababu ya kuiamini. Gambara alikuwa na kamba kwa sababu aliitwa Gambara.

Halafu nikapima korido ya ghorofa ninayoishi, Umoja. Inaangalia machweo ya Juni, ikikosea kwa chini ya digrii mbili. Landilodi wetu alifuata ploti aliyopata, basi. Bustani nyingi za Italia nazo zilifuata ploti. Zimekaa kwenye miteremko, na mteremko ndio unaamua njia kuu iende wapi, kwa sababu maji hayapandi. Kule Villa d'Este, Tivoli, Kadinali Ippolito d'Este na msanifu wake Pirro Ligorio walipasua mfereji chini ya mji mzima ili maji ya mto Aniene yaje kuruka kwenye chemchemi zao. Ukiuliza kwa nini bustani ile imenyooka vile, uliza kwanza maji yanatoka wapi na yanaenda wapi.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa mistari hulisahau karibu kila mara, nami nililisahau pia. Kalenda. Mwaka 1582 Papa Gregory XIII alifuta siku kumi: Italia ililala tarehe 4 Oktoba ikaamka tarehe 15. Kosa lenyewe lilikuwa limejulikana. Egnazio Danti, mtawa na mnajimu wa Cosimo I wa Florence, alikuwa ameshaweka vyombo vya kupimia jua kwenye uso wa kanisa la Santa Maria Novella, vyombo ambavyo bado vipo, na alionyesha kwamba siku ya usiku na mchana kulingana ilikuwa imeteleza hadi tarehe 11 Machi. Sasa chukua bustani ya mwaka 1570 unayodai inatazama machweo ya 21 Aprili, siku ya kuzaliwa kwa Roma. Tarehe 21 Aprili ya mwaka ule ni 1 Mei ya simu yako. Machweo yamesogea zaidi ya digrii nne. Shairi langu la saba lilikufa hapo hapo kwenye matatu, tukiwa hatujafika hata Makadara.

Sasa, sitaki uondoke ukidhani nasema hakuna kitu. Kipo, na kipo Tivoli hapo hapo, kilomita chache kutoka chemchemi za d'Este. Hadrian alijenga huko villa ya hekta 120 hivi, mabwawa, kumbi, bustani, kama mji mzima. Pembeni mwa uwanda wake, upande unaotazama tambarare ya Roma na machweo, kuna jengo linaloitwa Roccabruna. Ndani ni chumba cha duara chenye kuba, na juu ya mlango kuna tundu la mshazari. Jioni za Juni jua likikaribia kuzama mwanga unapenya kwenye tundu lile, unavuka chumba, unagonga shubaka la ukuta wa mbele. Wasanifu wawili Wamarekani, Robert Mangurian na Mary-Ann Ray, walishaliona miaka ya 1980. Halafu mwaka 2011 Marina De Franceschini, mwanaakiolojia, na Giuseppe Veneziano, mtu wa nyota, wakatoa kitabu kizima, Villa Adriana. Architettura celeste, wakionyesha kwamba jengo la pili, Accademia, lililo ng'ambo ya uwanja mrefu, nalo lina milango iliyopangwa ili jua la siku zile za mwisho wa safari lipite moja kwa moja.

Kwa nini hili naliamini na lile la Gambara silicheki hata kwa huruma? Kwa sababu hapa ni jengo lenyewe linalouliza swali. Njia ya bustani ina kazi nyingine mia: kupita, kupendeza, kuonyesha wageni ukubwa wa mfuko wako. Lakini tundu jembamba lililoinamishwa juu ya mlango, ambao tayari unaingiza mwanga, ni lazima litafutiwe kazi, na kazi moja inalitosha vizuri kuliko nyingine zote. Pia ni mambo mawili yanayoshuhudiana, jengo na jengo. Na la mwisho, unaweza kwenda Juni ukakosa kuuona mwanga. Nadharia inayoweza kukuaibisha ndiyo ya kuheshimu.

Kitabu chenyewe kina udhaifu wake. Kikitoka kwenye mwanga na kuanza kueleza ibada gani zilifanyika humo, kikimtaja mungu wa Misri Isis, mguu unaanza kuteleza. Mwanga unagonga shubaka, sawa. Nani alisimama mle, na aliimba nini, ukuta hausemi. Hata hilo jina Accademia halitoki kwa Hadrian mkononi. Kuna wasifu wa kale, Historia Augusta, unaosema Hadrian aliyapa maeneo ya villa yake majina ya mahali maarufu, na watu wa zama za Ligorio wakashika orodha ile wakaanza kuyagawia magofu. Wasifu huo, kumbuka, ni maarufu kwa kubuni mambo. Ligorio huyo huyo alichimba villa ya Hadrian na kuchukua marumaru na sanamu kwenda kupamba bustani ya bwana wake. Wakati mwingine kumsoma mtu na kumwibia ni kazi ya asubuhi moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko ndani ya Roma, kwenye villa ya Agostino Chigi, mwenye benki kutoka Siena, ile inayoitwa leo Farnesina. Chumba kimoja, kilichokuwa zamani wazi kuelekea bustanini, kina dari aliyochora Baldassarre Peruzzi: miungu, sayari, alama za nyota, wamepangwa kwa namna isiyoeleweka kirahisi. Aby Warburg alihisi dari ile ni anga la siku fulani. Fritz Saxl, akisaidiwa na mnajimu Arthur Beer, akapiga hesabu na mwaka 1934 wakatoa tarehe: mwanzoni mwa Desemba 1466. Kwamba hilo ndilo anga alilozaliwa nalo Chigi. Wakati ule hakuna aliyejua Chigi alizaliwa lini. Miaka mingi baadaye Ingrid Rowland akapata rekodi ya ubatizo kule Siena. Alizaliwa 29 Novemba 1466. Soma hiyo tena, taratibu. Walisoma picha, wakasema tarehe, na karatasi iliyokuwa imelala kwenye makabati karne tano ikaja kusema walikosea kwa siku mbili tatu tu. Hiyo ndiyo raha ambayo wale wa mistari wanaitafuta kwa njia ya mkato.

Na kama unajiuliza mtu wa Umoja ana haraka gani na mabustani ya makadinali, ngoja nikupeleke Turkana.

Karibu na Kalokol, upande wa magharibi wa ziwa, kuna nguzo 19 za mawe meusi zilizoinamia huku na huku. Namoratunga. Wenyeji wanasimulia ni watu waliogeuka mawe. Mwaka 1978 Lynch na Robbins waliandika kwenye jarida la Science kwamba nguzo zile zimepangwa kufuata nyota saba za kalenda ya Waborana, karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Nilipolisoma hilo nikiwa chuo nilitaka kulia kwa fahari. Tulikuwa na wanajimu! Kisha Robert Soper akaja mwaka 1982 akasema jamani, mawe haya yana sumaku, yanavuta dira, pembe zenu haziko sawa. Na uchunguzi wa karibuni wa maeneo ya nguzo kama yale kando ya ziwa, hasa Lothagam North, umeonyesha ni makaburi ya wafugaji wa miaka 5000 hadi 4300 hivi iliyopita, Lothagam pekee ikiwa na watu wasiopungua 580 chini yake.

Nilimchukia Soper. Nakiri. Nilimwona kama mzungu mwingine anayetupokonya kitu. Ilinichukua muda kuona kwamba Lynch na Robbins walikuwa wametupa zawadi iliyopimwa vibaya, na kwamba fahari yangu ilikuwa imeningoja nisome kichwa cha habari tu. Watu 580 waliozikwa na wenzao, mawe yakaburutwa hadi pale na kusimamishwa, na mimi nilitaka kwanza wathibitishe walijua nyota ndipo niwaheshimu. Nani alinifundisha kipimo hicho? Ndiyo maana kivuli cha Augustus hakikuwa mchezo kwangu. Kama nitamdai Soper ushahidi nikiwa Turkana, siwezi kumsamehe Buchner Roma kwa kuwa hadithi yake ni tamu. Na kinyume chake.

Basi nikarudi kwenye mswada. Mashairi kumi na mawili. La kivuli nililifuta, nikaandika jingine kuhusu Pliny akiwa amesimama kwenye mstari wa shaba, anashuku jua. La Roccabruna limebaki, bila Isis. La Chigi nimeliandika upya. Villa Lante imebaki pia, lakini sasa ni kuhusu mtu aliyependa jina lake mno. Mengine nane yamekufa, na wahariri wawili niliokuwa nimewatumia nimewaandikia barua kuyaondoa. Mmoja hajajibu hadi leo.

Juni iliyopita nilitaka kuiona korido yetu ikifanya kazi yake ya bahati. Tarehe 21, mawingu. Si unajua Nairobi ya Juni. Tarehe 22, mawingu. Tarehe 23 ikanyesha. Lakini siku zile jua halisogei karibu kabisa, siku tatu nne mbele linatua pale pale, kwa hiyo nikaendelea kutoka kila jioni. Tarehe 24, saa kumi na mbili na nusu kasorobo hivi, wingu likapasuka juu ya mabati ya jirani, na mwanga ukaingia koridoni wote, sakafuni, mlango kwa mlango, hadi mwisho kabisa ambapo Mama Brayo anaweka mtungi wake wa gesi. Mtungi ukawaka kama dhahabu. Nikatoa simu.

Mama Brayo akachungulia mlangoni. "Sasa wewe unapiga picha gesi yangu ya nini?"